Kupasha Mwili Moto Kabla ya Tenisi
Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa jamaa, London, siku ya pili ya mkutano

 

Kamati imenipa dakika ishirini na maudhui ambayo, yalipotangazwa jana usiku, yaliwafanya wengi wenu wacheke. Lau ningeambiwa nizungumze juu ya nasaba ya mababu zetu, au juu ya ule mgogoro wa shamba la mikarafuu usiokwisha, ukumbi huu ungenyamaza kimya. Lakini kupasha mwili moto kabla ya mchezo wa tenisi! Ami yangu mmoja aliniuliza kwa sauti ya kusikika na wote kama watu wazima wenye wajukuu wanahitaji kufundishwa namna ya kurukaruka. Nilimjibu kwa adabu kwamba nitampa jawabu leo, naye nimemwona ameketi safu ya mbele, kwa hiyo nitaanza.

Katika mkutano wetu wa mwaka juzi, watu watatu waliingia kiwanjani wakitembea wakatoka wakichechemea. Wawili kati yao walipona baada ya wiki chache na barafu na dua za shangazi zao. Wa tatu yumo humu ndani, naye amenipa ruhusa ya kuisimulia habari yake maadamu simtaji kwa jina. Ni dereva wa teksi, mtu wa miaka arubaini na ushei, ambaye tangu alipomaliza shule hajashika raketi ila siku ya mkutano wetu. Siku ile alitoka garini moja kwa moja, akafunga kamba za viatu, akaingia kiwanjani. Katika mpira wa tatu au wa nne aliruka mbele kuufuata mpira mfupi uliodondoka karibu na wavu. Akasikia mlio kama wa ubao unaovunjika, akahisi kama aliyepigwa teke nyuma ya kisigino. Aligeuka kwa hasira kumtazama mpwa wake aliyekuwa akicheza naye upande mmoja, akidhani raketi ya kijana ndiyo iliyompata. Kijana alikuwa mbali naye hatua tano au sita.

Ile ndiyo alama ya kukatika kwa kano ya kisigino, yaani ile kano nene inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Karibu kila mgonjwa wa namna hii niliyemhoji katika kazi yangu, nayo ni kazi ya kuwatibu kwa mazoezi watu walioumia viungo, ameniambia kwamba alidhani amepigwa na mtu au amerushiwa kitu. Hugeuka, na nyuma hapana mtu.

Mguu uliokatika kano ulikuwa wa kulia, nao ndio mguu wa dereva. Aliwekewa kiatu kigumu kirefu cha kumzuia kifundo, na kwa muda wa miezi mitatu na siku kadhaa hakurudi kwenye usukani. Mtu aliyeajiriwa katika nchi hii, akiugua, ana haki ya malipo fulani kutoka kwa mwajiri wake, ingawa si mengi. Anayejiajiri hana mwajiri wa kumdai. Kodi ya nyumba haikungoja. Fedha alizokuwa akimpelekea mama yake Unguja kila mwezi zilikatika, na ile nyumba ya Mwanakwerekwe iliyokuwa imefika kwenye linta ikasimama pale pale, ikanyeshewa na masika yote. Wengi wenu mlichanga, na Mungu atakulipeni. Lakini nakuombeni mlifikirie jambo hili: gharama yote ile ilitokana na mchezo wa kirafiki ambao hata hesabu ya mabao yake hakuna aikumbukaye.

Sasa basi, wala msidhani kwamba mkasa huu ni wa kwetu peke yetu. Tenisi ya majani ni mchezo uliotengenezwa katika nchi hii hii katika miaka ya 1870, na mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalifanyika mwaka 1877. Hata miaka kumi haijapita tangu hapo, madaktari wa Kiingereza walikwisha kuandika katika majarida yao, mwaka 1882 na 1883, juu ya maumivu ya mkono wa mcheza tenisi, na juu ya mguu wa mcheza tenisi, ambao ni kupasuka kwa msuli wa ndani wa shavu la mguu, au tafu kama wasemavyo wazee. Hao waliokuwa wakiumia walikuwa mabwana wa makamo, watu wa maofisini na mabustanini, waliokaa wiki nzima vitini, kisha wakaruka Jumamosi. Tazameni tulivyofanana nao.

Kwetu mchezo huu ulifika pamoja na wakoloni, ukafungiwa ndani ya vilabu vya Gymkhana, na wengi katika wazee wetu waliuona kwa nje ya ua tu. Leo mambo ni mengine. Mwezi wa Julai mwaka 2022, msichana wa Nairobi, Angella Okutoyi, alitwaa pamoja na mwenzake wa Uholanzi, Rose Marie Nijkamp, ubingwa wa wasichana wa wawili wawili huko Wimbledon, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji katika mashindano makubwa ya namna hiyo. Wajukuu zetu waliokuwa wakicheza mpira wa miguu tu wakaanza kuomba raketi. Nafurahi, na ndiyo sababu kombe letu la kesho lina majina mengi mwaka huu kuliko miaka yote iliyopita, na ndiyo sababu pia kamati imeingiwa na hofu.

Nieleze kwanza mwilini hupita nini, maana mtu akijua sababu huona haya kidogo kuipuuza.

Mtu akiwa ameketi kama mlivyoketi nyinyi sasa, misuli yake yote kwa pamoja hupata kiasi cha sehemu moja katika tano ya damu isukumwayo na moyo. Iliyobaki huenda kwenye ini, figo, utumbo, ubongo na kwengineko. Mtu huyo huyo akikimbia kwa nguvu zake zote, misuli huchukua zaidi ya sehemu nne katika tano. Mabadiliko makubwa kama hayo hayafanyiki kwa kufumba na kufumbua. Hapana budi mishipa midogo ifunguke, moyo uongeze mapigo, mapafu yafuate, na misuli yenyewe ipande joto. Msuli wenye joto hujikunja na kujikunjua upesi zaidi, huvutika kabla ya kupasuka, na habari za mishipa ya fahamu hupita ndani yake kwa kasi zaidi. Hata ule ute ulainishao maungio ya mifupa huwa mwepesi zaidi viungo vinapochezeshwa. Kwa hiyo neno hili la kupasha moto si mfano wa maneno tu. Ni moto wa kweli, wa kupimwa kwa kipimajoto.

Mzee mmoja aliniambia jana kwamba hata ngoma hupashwa motoni kabla ya kupigwa. Ni kweli, na mfano nimeupenda, ila ngozi ya ngoma hupashwa ili ikaze, na sisi tunapasha misuli ili ilegee. Afadhali mfano wa pasi ya makaa, ambayo mama zetu hawakuiweka juu ya kanzu mpaka makaa yamekolea.

Ama kuhusu moyo, nataka mnisikilize zaidi. Mwaka 1973 zilichapishwa habari za uchunguzi uliofanywa Los Angeles juu ya wanaume 44 waliokuwa hawana dalili yoyote ya ugonjwa. Walikimbizwa ghafla kwa nguvu, kwa sekunde chache tu, bila ya matayarisho, huku mapigo ya mioyo yao yakiandikwa na mashine. Zaidi ya nusu yao walionyesha alama ambazo kwa kawaida humaanisha kwamba moyo haupati damu ya kutosha. Walipopewa kwanza dakika chache za mbio za pole, alama zile zikatoweka kwa walio wengi. Haki yataka niseme kwamba wataalamu wa baadaye hawakuyaona mambo yale kwa ukubwa uleule. Hata hivyo madaktari wa moyo mpaka leo humwambia mgonjwa wao asianze zoezi kali kwa ghafla, na mimi sijaona sababu ya kuwakhalifu.

Kuna jambo nisilotaka mlielewe vibaya. Kupasha mwili hakuponyi ugonjwa uliokwisha kuwamo. Arthur Ashe, Mmarekani mweusi aliyetwaa ubingwa wa Wimbledon mwaka 1975, mtu ambaye mwaka 1971 huko Kamerun alimtambua kijana Yannick Noah akamfungulia njia, alipata shambulio la moyo mwaka 1979 naye ana umri wa miaka 36 tu. Hakuna awezaye kusema kwamba Ashe hakujua kupasha mwili. Maradhi ya moyo yalikuwamo katika ukoo wake. Nasi katika ukoo wetu tunayo yetu, shinikizo la damu na kisukari, na tunayajua hata tusipoyataja. Yeyote anayepata maumivu au uzito kifuani anapopanda ngazi, au pumzi kumkata, au kizunguzungu, huyo kesho asicheze mpaka amuone daktari wake, wala asijidanganye kwamba dakika kumi za kurukaruka zitamsitiri. Na ikiwa, Mungu apishe mbali, mtu atashikwa na maumivu ya kifua kiwanjani, msimpe maji ya zamzam mkamwacha aketi kivulini mkiangalia kama yatapoa. Pigeni 999 kwanza. Zamzam baadaye.

Hapo hapo niongeze jingine ambalo wengi hawalijui. Zipo dawa za kuua vijidudu za jamii ya siprofloksasini, ambazo wengi wetu tumewahi kuzitumia, na wengine hununua bila ya cheti wanapokwenda nyumbani. Dawa hizi huweza kuidhoofisha kano, hasa ile ya kisigino, na hatari huzidi kwa waliopita miaka sitini na kwa wanaotumia pia dawa za stiroidi. Serikali ya hapa Uingereza imekwisha kuwatahadharisha madaktari wapunguze kuziandika. Aliyezitumia katika miezi hii ya karibuni, kesho na awe mwamuzi wa mchezo. Kiti cha mwamuzi ni cha heshima, tena kiko juu.

Kwa nini sisi hasa tuumie? Nimelitafakari sana jambo hili, na ninavyoona mimi sababu kubwa si uzee wala baridi, ingawa zote mbili zimo. Sababu ya kwanza ni saa ya kukodi. Viwanja vya tenisi katika mabustani ya umma ya London hukodishwa kwa saa. Mtu amelipa fedha yake, jamaa kumi na sita wanangoja zamu, na nyuma ya wavu wamesimama Waingereza wanne na raketi zao wakitazama saa. Nani atatumia dakika kumi katika hizo kwa kuzunguka kiwanja? Kila dakika isiyo na mpira huonekana dakika iliyoibwa. Kwa hiyo ndugu zetu huingia wakiwa baridi kama samaki wa sanduku la barafu, na mpira wa kwanza hupigwa kwa nguvu zote, kwa sababu watoto wanatazama.

Sababu ya pili ni ya kwetu wenyewe, nayo ni biriani. Kwa miaka yote tumekula saa saba, tukacheza saa nane na nusu. Damu iliyotakiwa miguuni imeitwa tumboni, na mchezaji anapumua kama aliyebeba gunia la mbata. Nimezungumza na kamati ya jiko, na nawashukuru mama zangu kwa kukubali, kwamba kesho tenisi itatangulia na sahani zitafuata. Nasikia kulikuwa na upinzani mkubwa, na kwamba upinzani huo haukutoka kwa wanawake.

Ya tatu ni kule kungoja. Hili hata wacheza wazuri hulisahau. Mtu amepasha mwili wake vizuri asubuhi, akacheza mchezo wa kwanza, akashinda. Kisha anaketi juu ya jamvi saa nzima akipiga soga na binamu yake wa Maskati ambaye hajamwona kwa miaka sita. Jasho linamkaukia, upepo wa London unampitia mgongoni, na ule moto wote unakwisha. Anaitwa tena, anainuka, anaingia kama alivyo. Huyo ni sawa na asiyepasha kabisa. Avae jaketi lake mara atokapo kiwanjani, na kabla ya kurudi apewe dakika tano nyingine za kuuamsha mwili.

Na ya nne naisema kwa uangalifu, kwa kuwa inagusa adabu. Katika jamaa yetu kijana hawezi kumwambia ami yake, mbele ya watu, kwamba mwili wake umekwisha kuwa mzito na ahitaji kujitayarisha. Ni kumvunjia heshima. Naye ami akiwaona vijana wanarusha miguu na kuzungusha mikono, huiona ile ni michezo ya watoto, husimama pembeni amefunga mikono kifuani. Hivyo anayehitaji zaidi ndiye asiyefanya. Kijana wa miaka kumi na minane akiingia baridi aghalabu husalimika. Mtu wa miaka hamsini hasalimiki kila mara. Nimependekeza kwa Mwenyekiti kwamba kesho wanaoongoza kupasha mwili wawe ni wakubwa. Wadogo watafuata nyuma, kama tunavyofuata katika mambo mengine yote, na hakuna atakayeona amedharauliwa.

Basi inafanywaje? Nitaeleza kwa utaratibu wake, na Mwenyekiti ameahidi kuyachapa maneno haya kitabuni ili wasiokuwapo wayasome.

Tutakutana kwenye majani nje ya kiwanja, robo saa kabla ya saa yetu ya kukodi kuanza. Huo ndio ufumbuzi wa ile sababu ya kwanza: dakika za majani hazilipiwi. Tutaanza kwa kutembea upesi, kisha mbio za pole sana, mbio za mtu anayeweza kuzungumza na mwenzake bila ya kukatika pumzi. Dakika nne au tano zatosha. Alama yake ni kwamba mtu ajihisi joto chini ya nguo na apate kijasho chembamba. Asiyeweza kukimbia kwa ajili ya magoti atembee, huku akiinua mikono. Hakuna aibu.

Baada ya hapo twende kombo. Tenisi si mchezo wa kwenda mbele tu. Mchezaji huenda kulia na kushoto kama kaa wa Forodhani, husimama ghafla, hugeuka. Kwa hiyo tutapiga hatua za ubavuni, kulia na kushoto, magoti yamekunjwa kidogo. Kisha mtu ashike ua kwa mkono mmoja, aubembeze mguu mbele na nyuma kama mtoto anavyobembeza pembea, mara kumi kila mguu, kisha aubembeze kuvuka mbele ya mwenzake. Misuli ya kinena huumia sana katika mchezo huu, na watu huona haya kuyataja maumivu hayo mpaka yamekuwa makubwa. Kisha hatua ndefu za kushuka, goti la nyuma likikaribia ardhi bila ya kuigusa, mara tano tano.

Sasa visigino. Nawaomba wote waliopita miaka thelathini na mitano wasiliruke hili. Simama wima, inuka juu ya vidole, kisha shuka pole pole, mara kumi na tano. Halafu vihopo vidogo papo kwa papo, kama mtu arukaye kamba, mara ishirini. Kano ya kisigino ya mtu aendeshaye gari siku nzima, au aketiye mbele ya kompyuta, haijavutwa kwa nguvu tangu Jumamosi iliyopita, na pengine tangu mkutano uliopita. Ikumbusheni kazi yake kabla ya kuidai.

Juu ya mwili: zungusheni mabega nyuma na mbele, kisha kiwiliwili kulia na kushoto huku raketi imeshikwa kwa mikono miwili, bila ya kurusha kwa kishindo. Viganja pia. Kisha pigeni hewa, yaani mpigo wa mkono wa mbele, wa nyuma na ule wa juu ya kichwa, bila ya mpira, kwa pole, mara kumi kumi.

Hapo saa yetu ya kiwanja itakuwa imeanza, nasi tutaingia na miili iliyoamka. Lakini bado msirudi nyuma kwenye mstari wa mwisho. Kiwanja cha tenisi kina urefu wa mita 23.77, na kupiga mpira kutoka ncha hata ncha ni kazi nzito. Simameni ndani ya ile mistari ya karibu, mita sita na kidogo kutoka kwenye wavu, mrushiane mpira kwa upole kwa dakika mbili, kisha ndipo mrudi nyuma. Mpira wa kuanzia, ule urushwao juu ukapigwa kwa nguvu, uwe wa mwisho kabisa, na mipira sita ya mwanzo ipigwe kwa nusu ya nguvu. Bega ni kiungo kinachosamehe mara nyingi, lakini kikikataa hukataa kwa mwaka mzima.

Hapa yuko mtu atakayeniambia kwamba ameona katika televisheni mabingwa wa Wimbledon wakipasha mwili kwa dakika tano tu na mwamuzi akawaambia waanze. Ni kweli, dakika ni tano. Lakini wale hawakutoka garini. Wamekwisha kucheza asubuhi katika viwanja vya mazoezi vya Aorangi, humo humo ndani ya eneo la Wimbledon, na kabla ya kutokea wamefanya mazoezi ya mwili pamoja na walimu wao. Zile dakika tano ni za kuzoea jua, upepo na mpira. Tunaona mwisho wa kazi tukadhani ndio kazi yote.

Mtauliza pia juu ya kunyoosha viungo kule tulikofundishwa shuleni, kuinama ukashika vidole vya miguu ukahesabu mpaka thelathini, ukarudia. Walimu wetu walitufundisha walichokijua. Uchunguzi uliofanywa katika miaka mingi baadaye umeonyesha kwamba msuli ukivutwa ukashikiliwa kwa muda mrefu, zaidi ya dakika moja kwa jumla, nguvu na wepesi wake hupungua kwa muda baada yake. Kuvuta kwa muda mfupi hakudhuru sana, lakini peke yake hakupashi chochote. Kwa hiyo kule kushikilia tukuweke baada ya mchezo, wakati watu wanavuta pumzi na kusubiri sahani.

Nami nisiwafiche kiasi cha yakini yangu. Ushahidi ulio imara zaidi kwamba mazoezi ya matayarisho hupunguza kuumia umetoka katika mpira wa miguu, ambako timu nyingi zilifuatwa kwa misimu mizima. Katika tenisi ya watu wa kawaida ushahidi ni mchache zaidi. Sikuahidini kwamba atakayefuata haya hataumia. Ninachokisema ni kwamba matayarisho haya yanakubaliana na yale tuyajuayo juu ya mwili, yanagharimu robo saa, na katika meza yangu ya kazi wanaoletwa na kano zilizokatika aghalabu hunieleza habari moja: nilichelewa, nikaingia tu.

Wala sitaki mtu atoke humu akiwa ameuogopa mchezo. Wataalamu wa Copenhagen waliwafuata watu wa mji wao kwa miaka ishirini na mitano, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba waliocheza tenisi waliishi, kwa wastani, miaka 9.7 zaidi ya wale wasiofanya zoezi lolote. Wa mpira wa miguu 4.7, wa baiskeli 3.7. Yawezekana watu wa tenisi walikuwa na nafasi na fedha zaidi, na hilo lina sehemu yake, kwani uchunguzi wa namna hii hauwezi kutenga kila sababu. Hata wao wenyewe walisema pengine siri moja ni kwamba tenisi haichezwi peke yako. Lazima awepo mwenzako upande wa pili wa wavu, na mzungumze baadaye.

Viatu nitavipitia upesi: viatu vya mbio si vya tenisi, maana soli zake ziko juu na ubavuni hazina ngome, na kifundo hupinduka. Kandambili siziongelei, aliyecheza nazo mwaka juzi anajijua. Asubuhi za London hata mwezi wa Agosti huwa na umande, na mistari ya rangi juu ya lami huteleza zaidi kuliko lami yenyewe, basi ipigwe deki kwanza. Wageni waliowasili jana kutoka Mombasa na Maskati waongeze dakika tano juu ya zile nilizozitaja, kwa sababu walikotoka jua lilikuwa likiwafanyia nusu ya kazi hii.

Akina mama na dada zangu wameomba saa yao peke yao, ya kwanza, kabla ya wanaume kufika, nao wameipata. Bibi yetu mkubwa amesema atakuja kutembea mzunguko mmoja wa kiwanja pamoja nao, na kwamba anayetaka kumzuia ajitokeze sasa. Hakuna aliyejitokeza.

Kwa hiyo, kesho: wanawake kwenye majani saa tatu kasorobo asubuhi, kiwanjani saa tatu kamili. Wanaume kwenye majani saa nne kasorobo. Ami yangu wa safu ya mbele, kwa idhini yake, ndiye atakayeongoza mzunguko wa kwanza wa wanaume, na ndugu yetu dereva ameahidi kusimama langoni na orodha ya majina. Asiyepita kwenye majani hatapewa mpira. Kamba za kuruka nimeleta tatu, barafu iko kwa mjomba mwenye gari kubwa, na jaketi kila mtu aje na lake.